Fomu nne za mkataba kutoka steshenari za Moshi, zikipimwa kwa umri wa mtoto

Ukitoka stendi kuu ya Moshi kuelekea Mbuyuni, au ukizunguka maduka ya kuchapa yaliyo jirani na ofisi za serikali, utapewa fomu ya mkataba kabla hujamaliza kueleza shida yako. Zote ziko tayari kwenye kompyuta: mkataba wa uanagenzi, wa pikipiki, wa chumba, wa kuuziana shamba. Karani anajaza majina, anatoa nakala mbili, unalipa shilingi 1,000 au 2,000, kisha mnakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kugonga muhuri. Kwa watu wazima wawili wanaoelewana, huduma hii ni ya haraka na kwa mambo mengi inatosha. Hapa tunazipima fomu hizo kwa swali moja: anayetia saini akiwa hajatimiza miaka 18, karatasi hii inamsaidia nani?

Hatutaji duka. Fomu ni zile zile, zimehama kutoka flashi moja hadi nyingine mpaka makosa ya tahajia yanafanana.

Tuanze na sheria, maana bila hiyo alama tutakazotoa hazitaeleweka. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 11, inasema mwenye uwezo wa kuingia mkataba ni mtu aliyefikia umri wa utu uzima, mwenye akili timamu, na asiyezuiwa na sheria nyingine yoyote. Kifungu hicho hicho kinaongeza kuwa makubaliano ya mtu asiye na uwezo huo ni batili. Umri wenyewe ni miaka 18, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamwita mtoto kila aliye chini ya hapo.

Neno la kushika ni "batili". Iko mikataba inayobatilika, yaani inasimama mpaka aliyeonewa aikatae. Ule uliopatikana kwa vitisho au udanganyifu uko kwenye kundi hilo. Wa mtoto haumo. Huo unahesabiwa kwamba haukuwahi kuwepo, na mtoto hawezi kuufufua siku anapotimiza miaka 18 kwa kusema sasa ameukubali. Siku hiyo unaandikwa mkataba mpya. Maelezo mengi yanayozunguka kwenye simu yanasema kijana akikua anaweza kuuthibitisha ule wa zamani. Hayo yanafuata mkondo wa sheria ya Kiingereza, wakati sheria yetu ya 1961 ilifuata ile ya India ya 1872. Na kwa sheria ile ya India jibu lilitolewa zamani: mwaka 1895, kijana wa Calcutta aitwaye Dharmodas Ghose aliweka nyumba zake rehani kwa mkopeshaji Brahmo Dutt akiwa bado hajafikia utu uzima, na wakala wa mkopeshaji alijua hivyo. Mwaka 1903 Privy Council ya London, iliyokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa India enzi hizo, iliamua kwamba rehani ile ilikuwa batili tangu mwanzo, na upande wa mkopeshaji haukurudishiwa fedha.

Muhuri wa mtaa hauponyi ugonjwa huu. Mwenyekiti anashuhudia kwamba watu hawa walifika mbele yake wakatia saini. Hana mamlaka ya kumpa mtoto uwezo ambao sheria imemnyima. Saini ya wakili nayo haimwongezei mtoto miaka. Wala mtoto aliyedanganya umri hageuki kuwa mtu mzima kwa uongo wake. Kwa hiyo kasoro ya kwanza inayozihusu fomu zote nne ni kwamba hakuna hata moja yenye nafasi ya tarehe ya kuzaliwa. Kuna jina, kabila, mtaa, namba ya simu, basi. Mwambie karani aongeze mstari huo na chini yake mstari wa kielelezo: namba ya NIDA, ambayo kitambulisho chake hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18, au cheti cha kuzaliwa cha RITA. Kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cheti cha darasa la saba husaidia pale ambapo cheti cha RITA hakipo. Ni kazi ya dakika mbili, na ndiyo inayokwambia kama uendelee au usimame.

Fomu ya uanagenzi ndiyo bora kati ya hizi. Inafaa kununuliwa, mradi ukubali kuifanyia upasuaji.

Inaanza hivi: "Mimi (jina la mwanafunzi) nimekubaliana na fundi (jina)…" Chini zipo saini tatu: mwanafunzi, fundi, na mzazi kama mdhamini. Hapo tayari imekosea. Mtoto amewekwa kuwa mwenye mkataba, na mtu mzima pekee aliye upande wake amesukumwa pembeni. Dhamana ni ahadi ya kutimiza jambo ambalo mtu mwingine ameshindwa kulitimiza; ahadi ya huyo mwingine ikiwa batili, mzazi na fundi wataishia kubishana kama dhamana yenyewe ina kitu cha kusimamia. Sheria ya Mtoto imepanga vingine kabisa: mzazi, mlezi au ndugu ndiye anayeingia makubaliano ya uanagenzi na fundi, kwa maandishi. Andika basi: "Mimi (jina la mzazi), kwa faida ya mtoto wangu (jina), aliyezaliwa tarehe (…), nimekubaliana na fundi (jina)." Mtoto anaweza kuweka jina lake mwisho kuonyesha kwamba amesomewa na anaelewa, na hilo ni jambo jema, kwa sababu ndiye atakayeamka asubuhi kwenda kazini. Ila jina hilo lisiwe ndilo linaloubeba mkataba.

Kasoro ya pili iko kwenye wajibu wa fundi. Fomu inampa sentensi moja: "atamfundisha kazi kwa uaminifu." Sheria inamtaka afundishe, aweke mazingira salama na yenye afya, asimamie maadili na ustawi wa mtoto, na ampe chakula kama hamkukubaliana vinginevyo. Hili la chakula huzua ugomvi kwa sababu watu hawaliandiki: fundi anadhani kijana anakula kwao, mzazi wa Kibosho aliyemleta mtoto mjini anadhani fundi anamlisha mchana. Andikeni nani anatoa chakula, mara ngapi, na nauli ya daladala ni ya nani.

Halafu ujuzi. Fomu inapima muda: miezi 12, miezi 18, miaka 2. Haipimi kazi. Hapa ndipo mikataba mingi ya ufundi inapovunjikia, maana miezi ikiisha fundi anasema kijana hajaiva, mzazi anasema muda umekwisha, na karatasi haimsaidii yeyote. Dawa yake ni kuandika kazi na mwezi wake. Kwa ushonaji, kwa mfano: hadi mwezi wa 3 awe anapima mwili, anakata sketi na kuendesha cherehani kwa mstari ulionyooka; hadi wa 6 awe anaweka zipu na kushona sare ya shule peke yake; hadi wa 12 awe anakata shati na suruali na kuweka kola bila kusimamiwa. Fundi mzuri hatakataa, kwani anajua hatua zake. Anayekataa kuandika atafundisha nini anaweza kuwa anatafuta mfagizi asiyelipwa.

Kisha yako maneno ya kufuta. Fomu nyingi zina kifungu kisemacho "mwanafunzi akiharibu kifaa cha fundi atalipa." Deni hilo halimshiki mtoto. Kama mzazi anakubali kulibeba, liandikwe kwa jina lake, liwe kwa uharibifu wa makusudi tu, na liwekewe kikomo cha fedha. Sindano inayovunjika mikononi mwa anayejifunza ni gharama ya kufundisha. Kibaya zaidi ni kile kinachosema mzazi hatadai chochote mtoto akiumia. Kata mstari juu yake na wote mweke saini fupi pembeni. Haki ya kudai kwa ajili ya mkono uliokatika ni ya mtoto mwenyewe. Kesi yake hufunguliwa na mtu mzima kwa niaba yake, na hata mapatano ya kuimaliza yanahitaji ruhusa ya mahakama, kwa hiyo mzazi hawezi kuitoa zawadi mapema kwenye fomu ya shilingi 1,000.

Yaliyokosekana kabisa ni haya. Umri wa chini wa kufanya kazi ni miaka 14, na kwa mtoto kazi hiyo iwe nyepesi, isiyomdhuru wala kumtoa shuleni; Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema hivyo pia. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ni marufuku kwa mtoto. Karakana nyingi hukesha wiki ya kabla ya Krismasi wakati watu wanapanda nyumbani Rombo, Marangu na Machame kwa sikukuu, kwa hiyo saa ya kufunga kazi iandikwe waziwazi. Sheria ya Mtoto inahesabu pia kazi za hatari: machimbo, kubeba mizigo mizito, viwanda vyenye kemikali, mahali panapotumika mashine, baa na hoteli. Soma tena hilo la mashine. Mtoto wa miaka 15 anaweza kujifunza cherehani ya mguu, kusuka, kushona viatu kwa mkono. Mashine ya kuranda mbao, mashine ya kuchomelea na grenda ya kukatia chuma ni habari nyingine. Kwa fani hizo maoni yetu ni kwamba fomu ya steshenari isitumike kwa aliye chini ya miaka 18. Chuo chenye mwalimu, ratiba na vifaa vya kujikinga, kama cha VETA, ni njia salama kuliko karakana ya kando ya barabara.

Mwisho wa mafunzo fundi anapaswa kumpa mwanagenzi hati ya kuhitimu. Fomu haisemi lolote kuhusu hati hiyo. Ongezeni tarehe ya kuitoa, na kwamba akiikatalia bila sababu malalamiko yatapelekwa kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa au afisa kazi. Kijana asiye na hati hiyo anaanza upya kwa fundi wa pili kama vile hajawahi kushika mkasi.

Fomu ya pikipiki ya mkataba haifai kwa mtoto, na hatuoni namna ya kuirekebisha. Mpango wake unafahamika: mwenye pikipiki anampa dereva chombo, dereva analeta hesabu, yaani kiasi cha fedha walichopatana, kila siku kwa miezi iliyopangwa, matengenezo ni juu yake, muda ukiisha anakabidhiwa kadi. Kwa mtu mzima mwenye leseni ni njia halali ya kumiliki chombo. Kwa kijana wa miaka 17 pande zote mbili zinajenga juu ya mchanga. Bosi hawezi kutumia karatasi ile kudai hesabu zilizolala, kwa kuwa deni linatokana na makubaliano batili. Anachobaki nacho ni pikipiki, kwa sababu kadi ina jina lake. Anayeumia zaidi ni kijana: kadi anayoisubiri mwezi wa mwisho inategemea ahadi iliyo ndani ya mkataba ambao mbele ya sheria haupo. Bosi mwenye tamaa akichukua chombo mwezi wa 11, kijana anakwenda mahakamani bila silaha ambayo mwenzake wa miaka 19 angekuwa nayo.

Kuna ujanja unaotumika Pasua na Majengo wa kuandika jina la kaka mkubwa huku anayeendesha ni mdogo. Kaka huyo anabeba deni lote kisheria, na ajali ikitokea dereva hana leseni na bima inaanza kuulizwa maswali. Kama kijana tayari anaendesha chini ya karatasi ya namna hii na sasa ametimiza miaka 18, usiongeze sentensi kwenye ile ya zamani. Andikeni mpya, yenye tarehe mpya, na ndani yake bosi akiri kwa tarakimu na kwa maneno kiasi alichokwishapokea na kwamba kinahesabiwa kuwa sehemu ya bei ya pikipiki. Kila hesabu itakayofuata iende kwa simu ili kubaki na ujumbe wa muamala. Daftari la bosi huandikwa na bosi.

Fomu ya chumba tunaipita haraka. Wanafunzi wengi wa kidato cha tano na sita hupanga geto jirani na shule, na wenye nyumba huwapa fomu ile ile ya wapangaji wazima. Mpangaji awe mzazi, mtoto aandikwe kama mkaaji, kodi ilipwe na mzazi kwa risiti. Ila mwenye nyumba asidhani kwamba sheria imemwacha mikono mitupu. Aliyempatia mtoto mahitaji ya lazima yanayolingana na hali yake ya maisha, kama malazi, chakula, mavazi au matibabu, anaweza kurudishiwa gharama kutoka kwenye mali ya mtoto huyo. Angalia mipaka miwili hapo: ni gharama inayostahili, wala si bei yoyote iliyoandikwa, na inatoka kwenye mali yake, wala si kwenye mwili wake au jasho lake. Mtoto asiye na mali hana cha kutolewa. Simu janja ya mkopo kwa kijana wa kidato cha pili ni vigumu kuiita hitaji la lazima, na muuzaji anayempa mtoto simu kwa malipo ya kila siku ajue kwamba deni lile hana pa kulidai kwa mtoto. Kwa upande mwingine, mtoto aliyetumwa dukani na mama yake kuchukua unga kwa daftari hajafanya kosa lolote: yeye ni mjumbe, na deni ni la aliyemtuma.

Kuhusu huduma yenyewe ya steshenari, makarani wana kasi na wana subira na wazee wasioona vizuri, na hilo tunawasifu. Kinachopungua ni kusoma fomu kwa sauti kabla ya saini. Waombe wafanye hivyo, wengi watakubali. Jua pia kwamba hati inayotakiwa kulipiwa ushuru wa stempu haipokelewi kuwa ushahidi mahakamani mpaka ushuru huo ulipwe, na fomu hizi hutoka dukani bila kutaja jambo hilo. Lugha haina tatizo. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama.

Iliyobaki ni fomu ya kuuziana shamba, na hii ndiyo yenye kutisha. Huku kwetu mara nyingi kinachouzwa ni kipande cha kihamba, yaani shamba la ukoo, baada ya baba kufariki. Fomu ina sehemu iliyoandikwa "wanafamilia wanaoridhia", na humo utakuta majina ya watoto wa miaka 9, 12, 15, wengine wakiwa wamewekewa dole gumba. Ridhaa hiyo haina uzito wowote. Mnunuzi anayeiona karatasi imejaa majina anaamini amejikinga, kumbe amekusanya ushahidi kwamba alijua warithi ni watoto. Sheria ya Mtoto, kifungu cha 10, inakataza kumnyima mtoto manufaa yanayostahili kutoka kwenye mali ya mzazi aliyefariki, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili. Zaidi ya hayo, muda wa kudai ardhi ni miaka 12, lakini saa hiyo haimhesabii mrithi akiwa bado mtoto. Mnunuzi anaweza kupanda kahawa na migomba, akajenga, akasomesha watoto wake kwa shamba lile, kisha akaitwa mahakamani na mtu mzima ambaye siku ya mauzo alikuwa darasa la tatu.

Mjomba au baba mdogo hana haki ya kuuza kwa sababu tu ndiye mkubwa wa ukoo. Anayeweza kushughulika na mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kabla ya kugusa fomu, mnunuzi aombe hati ya uteuzi, kisha aende na namba ya shauri kwenye Mahakama ya Mwanzo iliyoitoa akathibitishe. Msimamizi anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. V ndani ya miezi 4 tangu uteuzi, na hesabu ya mirathi kwa Fomu Na. VI. Soma orodha hiyo: kipande unachouziwa kimo? Watoto wametajwa? Fungu lao liko wapi, na fedha za mauzo zitakwenda kwenye ada yao au kwenye mfuko wa nani? Kama ni ardhi ya kijiji, Halmashauri ya Kijiji nayo lazima ipitishe uhamisho. Msimamizi asiyeweza kukuonyesha Fomu Na. V usimpe hata arbuni.